Gimlet: Ndimu Iliyoshindwa Kuwa Dawa

Mabibi na mabwana, na wenzetu wote mnaosimama nyuma ya kaunta, karibuni.

Mezani mbele yenu kuna chupa mbili tu. Moja ina jini, nyingine ina shira ya ndimu. Kokteli iitwayo gimlet ni hizo mbili na barafu, basi. Kwa sababu hiyo watu huidharau, na kwa sababu hiyohiyo huharibika mara nyingi kuliko kokteli za vitu saba. Kinywaji cha vitu saba kina pa kujificha. Hiki hakina: kosa lolote linaonekana kama doa kwenye kanzu nyeupe.

Kwanza tuyamalize majina. Jini tunayoisema hapa haitoki kwenye taa wala haitaki ubani. Ni pombe kali isiyo na rangi, aghalabu ya nafaka, iliyotiwa harufu ya matunda ya mti wa mreteni, na jina lake limekatwa kutoka jenever, neno la Kiholanzi la mti huo na la pombe yake. Nalo neno gimlet kwa Kiingereza ni kekee, ile ndogo ya mkono ya kutobolea mbao na mapipa. Wako wanaosema kinywaji kilipewa jina hilo kwa kuwa kinapenya. Wengine humtaja Thomas Gimlette, daktari wa jeshi la majini la Uingereza aliyezaliwa 1857 na kufariki 1943, kwamba aliwachanganyia maofisa jini na ndimu ili wanywe dawa bila kukunja uso. Hadithi tamu, lakini taazia aliyoandikiwa katika jarida la madaktari wa nchi yake haikigusi kinywaji hicho hata kwa neno moja. Tumwache daktari apumzike. Swali lenye faida ni jingine: kwa nini melini kulikuwa na ndimu ya chupa, na si ndimu ya mtini? Mwenye jibu la swali hilo anajua pia namna ya kuichanganya gimlet, maana hiki si kinywaji cha ndimu iliyokamuliwa sasa hivi. Ni kinywaji cha ndimu iliyohifadhiwa.

Turudi baharini basi, kwenye kiseyeye. Baharia akikaa miezi bila tunda wala mboga mbichi, fizi zinavimba na kutoa damu, meno yanalegea, na makovu ya zamani yanafumuka upya. Mwezi Mei 1747, ndani ya meli ya kivita HMS Salisbury, daktari wa upasuaji James Lind aliwachukua wagonjwa 12 akawagawa wawiliwawili. Wote walikula chakula kimoja, ila kila jozi ilipewa nyongeza yake: sida ya tufaha, matone ya asidi ya salfa, siki, maji ya bahari, rojo la vitunguu saumu na haradali, na jozi ya mwisho machungwa mawili na limau moja kwa siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita. Hata hivyo, waliokula matunda ndio waliopona upesi kuliko wote, na mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini.

Lind alikuwa na jibu mkononi, kisha akalichemsha. Kwa kuwa matunda huoza, alipendekeza maji yake yapashwe moto kwa saa nyingi hadi yawe mazito, yatiwe chupani, yapelekwe baharini. Joto na hewa viliua karibu kila kilichokuwa kinaponya. Hakujua, na hakuna aliyejua, kwa sababu vitamini C ilikuja kutambuliwa katika miaka ya 1930. Likumbukeni kosa hilo. Tutakutana nalo tena jikoni baada ya muda mfupi, likiwa na sufuria.

Mwaka 1795 jeshi la majini la Uingereza liliamua kuwapa mabaharia wake maji ya limau kama sehemu ya posho ya kawaida, yakihifadhiwa kwa kutiwa pombe kidogo. Malimau yalitoka nchi za Mediterania, na kiseyeye kikapungua mno. Kisha, katika miaka ya 1860, wakubwa wakabadilisha tunda: badala ya limau la Mediterania wakachukua ndimu kutoka makoloni ya Uingereza katika visiwa vya Karibi. Kwa macho yao lilikuwa jambo dogo, maana chachu ni chachu, na ndimu ndiyo chachu zaidi. Lakini uchachu wa tunda ni asidi ya sitriki, na asidi ya sitriki haitibu kiseyeye. Ndimu ina vitamini C kidogo kuliko limau, na hicho kidogo kilipotea katika kukaa muda mrefu, kugusa hewa na kupita kwenye mabomba ya shaba, kwa kuwa shaba huharakisha kuharibika kwa vitamini hiyo. Meli za mvuke zilikuwa zimefupisha safari, kwa hiyo kosa halikuonekana hadi msafara wa nahodha George Nares kuelekea Ncha ya Kaskazini mwaka 1875, ambapo watu waliugua kiseyeye huku ndimu wakiwa nayo. Mwaka 1918 mwanasayansi Harriette Chick na wenzake huko London walipima matunda hayo mawili na kuthibitisha kwamba ndimu ilikuwa dhaifu sana mbele ya limau. Kufikia hapo mabaharia wa Kiingereza walikuwa wameshapewa jina la utani la watu wa ndimu, na ndimu yenyewe ilikuwa imeshapata kazi nyingine.

Kazi hiyo ilianzia Leith, bandari ya Scotland, ambako Lauchlan Rose alifungua biashara yake mwaka 1865. Mwaka 1867 alipata hataza ya njia ya kuhifadhi maji ya matunda bila pombe. Mwaka huohuo sheria ya meli za biashara ya Uingereza iliwataka wenye meli kuwapa mabaharia maji ya ndimu au limau. Soko lilimfuata mlangoni. Bidhaa iliyobeba jina lake, Rose's, ilikuwa tamu kwa sukari na haikuhitaji pombe ili idumu. Sasa tazameni mambo ya walimwengu: Rose aliitoa pombe kwenye ndimu kwa jasho na hataza, maofisa wa meli wakairudisha kabla ya chakula cha jioni.

Kwa nini waliirudisha kwa jini? Melini kulikuwa na tabaka hata katika ulevi. Mabaharia wa kawaida walipewa ramu, posho iliyodumu hadi tarehe 31 Julai 1970. Maofisa walikunywa jini, hasa ya Plymouth, mji wa bandari ambako kiwanda cha jini kinafanya kazi tangu 1793. Mtasikia pia habari za jini ya nguvu za jeshi la majini, yenye kilevi asilimia 57, na ile hadithi ya baruti: kwamba pombe ikimwagikia baruti na baruti bado ikawaka, pombe hiyo imefaulu. Namba ina msingi wake, kwa kuwa kiwango rasmi cha zamani cha Uingereza cha pombe iliyothibitishwa ni asilimia 57 na kidogo. Maneno yaliyobandikwa kwenye lebo ni ya wauzaji wa miaka ya 1990. Hilo lisiwazuie kuinunua. Kwa gimlet ni jini nzuri sana, na nitaeleza sababu.

Katika kitabu cha vinywaji cha hoteli ya Savoy ya London, cha 1930, Harry Craddock, mchanganyaji vinywaji wa hoteli hiyo, aliandika gimlet hivi: nusu jini ya Plymouth, nusu shira ya Rose's, koroga, mpe mteja katika glasi ileile, barafu kwa anayeitaka. Nusu kwa nusu! Wengi wanajaribu kipimo hicho leo kwa chupa ya dukani na jini ya asilimia 40, kisha wanashangaa kwamba wamepata kitu cha kupaka kwenye mkate. Kipimo hicho ni cha enzi yake, cha watu waliopenda tamu na waliokunywa bila friza. Sisi tunayo friza. Tuitumie, na tupunguze shira.

Sasa jikoni. Nasema wazi kwamba gimlet nzuri hutengenezwa siku moja kabla, kwa sababu kazi yenyewe ni shira. Kumimina ni dakika moja tu.

Chukua ndimu nane za wastani, zilizoiva, zenye ganda nyororo na uzito mkononi. Ndimu ngumu, nyepesi, yenye ganda nene itakupa maji kidogo na uchungu mwingi. Zioshe kwa maji ya moto na uzisugue, kwa kuwa ndimu za dukani mara nyingi hupakwa nta, na nta ikiingia kwenye shira hutaitoa tena. Zikaushe. Kwa kisu cha kumenyea viazi, menya ganda la kijani la ndimu sita, jembamba kiasi kwamba ukiligeuza upande wa ndani uone kijani kinapenya. Ukiona weupe, umezama mno. Ule weupe ni mchungu, na uchungu wake haufi kwa sukari. Unangoja nyuma ya ulimi mpaka umeze.

Weka maganda kwenye bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu, mwagia gramu 200 za sukari nyeupe, kisha ponda kwa mchi wa mbao kwa dakika mbili au tatu. Usiyasage. Unataka kuvunja vile vifuko vidogo vya mafuta vilivyo kwenye ganda, si kulifanya ganda kuwa uji. Funika, acha saa nne, au usiku kucha ukiweza. Ukifunua utaikuta sukari imelowa, imebadilika rangi kidogo, na chumba kimejaa harufu. Mafuta hayo ndiyo tofauti kati ya shira ya ndimu na maji ya ndimu yenye sukari. Maji hutoa uchachu, ganda hutoa harufu. Anayechanganya jini, maji ya ndimu na sukari amepata kinywaji kizuri, sikatai, lakini hiyo ni kokteli nyingine, iitwayo gin sour, si gimlet. Kina mwili wa ndimu bila roho yake.

Baada ya hapo kamua ndimu zote nane, zikiwemo zile ulizozimenya. Unahitaji mililita 200, zilizochujwa mbegu na nyama. Kamua kwa nguvu ya kiasi: anayeibana ndimu mpaka tone la mwisho anakamua na ule weupe. Mimina maji juu ya sukari na maganda, ongeza gramu 6 za asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaofanana na chumvi, kisha koroga hadi sukari iyeyuke yote. Itachukua kama dakika kumi. Mkono utachoka, na hapo ndipo mtu anapoitazama jiko la gesi kwa jicho la tamaa. Usiwashe. Sukari kiasi hiki inayeyuka bila moto, na maji ya ndimu yakichemka hupata harufu ya kupikwa, kama peremende za zamani zilizosahauliwa mfukoni, huku harufu mbichi ikipanda na mvuke. Lind aliua dawa kwa moto. Wewe utaua harufu, kwa kosa lilelile.

Chuja kwa kitambaa safi au chujio jembamba, tia kwenye chupa ya kioo, funga, weka kwenye friji. Utapata kama mililita 320. Siku ya kwanza huwa na ukali fulani, kana kwamba vitu havijazoeana. Siku ya pili ndiyo bora. Inafaa kwa wiki mbili hadi tatu. Ikianza kugeuka kahawia, harufu imekwisha hata kama haijaoza, na haina faida kuionea huruma. Wala usiihifadhi kwenye chombo cha shaba, hata kama kinapendeza machoni: asidi hula shaba, na shaba iliyoyeyuka si kitu cha kumpa mgeni.

Kwa nini nimeongeza asidi wakati ndimu tayari ni chachu? Hapa inabidi tupige hesabu kidogo. Maji ya ndimu yana asidi karibu asilimia 6, yaani gramu 12 katika zile mililita 200. Lakini sukari ikiyeyuka huongeza ujazo, kwa hiyo gramu 12 zinatawanyika katika mililita 320. Mililita 25 za shira hiyo zingebeba gramu 15 za sukari na asidi isiyofika gramu moja. Kinywaji kitakuwa kitamu na kizito. Kwa gramu 6 za nyongeza, mililita 25 zilezile zinabeba asidi gramu 1.4 hivi, na hapo utamu na uchachu vinashikana mashati bila mmoja kumwangusha mwenzake. Aliye na mizani ndogo ya jikoni asome gramu. Asiye nayo atumie kijiko cha chai kimoja na robo, bila mlima, halafu aonje.

Tuje kwenye jini. Chagua iliyo wazi kwamba ni jini, yenye mreteni mbele, na kilevi kisichopungua asilimia 43. Sababu ni barafu. Baada ya kukoroga, maji yataongezeka kama robo ya ujazo, na jini ya asilimia 37.5, ambayo ndiyo kima cha chini katika nchi za Umoja wa Ulaya, inasambaratika humo na kuiachia shira uwanja wote. Jini ya asilimia 47 inasimama vizuri. Ile ya 57 inasimama hata mbele ya shira nyingi, ndiyo maana nilisema msiiache kwa sababu ya lebo. Ila ukiitumia, punguza hadi mililita 50. Jini zenye harufu nyingi za maua au matunda ziachieni vinywaji vingine. Mreteni na ganda la ndimu ni ndugu wa karibu katika mafuta yao ya harufu: vyote viwili vina limonini na pinini, ile ya pili ikiwa ndiyo harufu ya misonobari. Vikikutana huwezi kusema harufu ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi. Ukileta waridi katikati, ndugu hao wananyamaza.

Vipimo sasa. Mililita 60 za jini, mililita 25 za shira. Tumia kipimo, usimimine kwa jicho. Katika kinywaji cha mililita 85, kosa la mililita 5 za shira ni kosa la asilimia 20 ya utamu wote, na hata ulimi usiojali utalisikia.

Glasi iwe kwenye friza tangu dakika 20 zilizopita, ndogo yenye shina, ya mililita 150 hivi. Anza kwa kuweka shira kwenye glasi ya kuchanganyia, kisha jini. Ukikosea kipimo cha kwanza, utakuwa umemwaga kitu cha bei nafuu. Jaza barafu mpaka ipite juu ya kimiminika. Barafu iwe ya vipande vikubwa, mikavu, iliyotoka friza sasa hivi, inayonata kidogo kidoleni. Barafu iliyokaa kwenye ndoo ikilia machozi imeshabeba maji juu yake, na maji hayo yataingia kwenye kinywaji kabla hakijapoa hata kidogo. Koroga kwa kijiko kirefu, mgongo wa kijiko ukitembea kwenye ukuta wa glasi, kwa sekunde 30. Isikilize barafu: ikigonga kwa kelele, unaipasua, ikizunguka kimya, uko sawa. Barafu haipoozi kwa kukaa tu, inapooza kwa kuyeyuka, kwa hiyo maji yatakayoingia, mililita 20 hadi 25, ni sehemu ya mapishi. Anayeogopa maji akakoroga sekunde kumi atapata kinywaji cha vuguvugu kinachounguza koo. Chuja, mimina kwenye glasi baridi, kata kipande cha ganda la ndimu chenye upana wa kidole gumba, kikunje juu ya glasi upande wa kijani ukitazama kinywaji ili mafuta yaruke, kisha kitupe au kiache kielee. Hilo la mwisho ni la urembo tu.

Najua kuna mtu hapa mkono wake unawasha kwa sheka, kile chombo cha kutikisia vinywaji. Mjadala wa kutikisa au kukoroga ni mrefu na wenye joto kupita thamani yake, lakini msimamo wangu huu: shira peke yake, koroga. Kinywaji kinabaki king'avu na kizito kidogo kinywani, nacho kinafaa kuwa hivyo. Ukiongeza maji mabichi ya ndimu, tikisa. Kipimo chake ni mililita 60 za jini, 20 za shira, 10 za maji ya ndimu yaliyokamuliwa siku hiyo, utikise kwa nguvu sekunde 10 hadi 12, uchuje mara mbili, mara ya pili kwa chujio la chai ili vipande vya barafu visielee juu. Kitakuwa na ukungu na mapovu madogo, kikali zaidi, kinachoamsha. Njia hii pia ndiyo inayomwokoa mwenye shira ya dukani, ambayo kwa kawaida ni tamu kuliko inavyopaswa na haina harufu ya ganda: punguza shira hadi 15, ongeza maji mabichi hadi 15, na usisahau ganda juu.

Kikitoka vibaya, usikimwage kabla ya kukiuliza kina nini. Kitamu cha kuchosha? Tone kumi za maji ya ndimu, koroga kidogo tena. Kikali cha kukunja uso? Mililita 5 za shira. Kipo kipo tu, hakina tatizo lakini hakina neno? Jaribu chumvi: yeyusha gramu 20 katika mililita 80 za maji, weka kwenye chupa ya matone, tia matone mawili kwa glasi. Hutaisikia chumvi. Utaisikia ndimu. Kichungu kinachobaki nyuma ya ulimi? Kosa liko kwenye shira, kwenye ule weupe wa ganda, na hapo hakuna dawa, tengeneza nyingine. Maji maji? Barafu ilikuwa mbovu au glasi ilikuwa ya moto. Na kama kinanukia limau badala ya ndimu, rudi sokoni ukatazame ulichonunua. Limau lina harufu laini, ya manjano niseme hivyo, na linafaa vinywaji vingine vya jini. Hapa linageuza sura yote. Inachekesha kidogo, maana kwenye meli kosa lilikuwa kuacha limau na kuchukua ndimu.

Neno moja la hesabu kwa wanaohudumia. Mililita 60 za jini ya asilimia 43 ni karibu gramu 20 za kilevi halisi. Glasi ni ndogo, utamu unaficha nguvu, mteja anaiona kama sharubati. Mbili ni gramu 40. Mwambieni kabla ya ya pili, si baada ya ya tatu.

Mwisho, kwa walioulizia shughuli za watu wengi kabla hatujaanza: ndiyo, gimlet inaweza kuchanganywa mapema, na ni moja ya kokteli chache zisizopoteza kitu, kwa kuwa shira haichakai upesi kama maji mabichi. Kwa watu kumi, mililita 600 za jini, 250 za shira, na 220 za maji safi ya kunywa, hayo yakiwa badala ya yale ambayo barafu ingetoa. Msiyasahau maji. Wengi huyaacha, wakamimina kutoka chupani kitu kikali kama spiriti, wakadhani wamekosea jini. Changanya kwenye chupa mbili za kioo, usizijaze hadi shingoni, ziache kwenye friji usiku kucha, kisha zihamishie kwenye friza saa moja na nusu kabla wageni hawajafika. Zisikae humo siku nzima. Mchanganyiko huu una kilevi kama asilimia 24, na friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kuugandisha. Ukiona fuwele zimeanza pembeni, itoe chupa, igeuze chini juu mara mbili tatu, na mimina hapohapo.